UZI MAALUM: Picha za kupigana mbovu mpaka zinanoga – ninja wa simu ya paka, Bruce Lee wa bandia na makomandoo wa Wakaliga

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani nyuzi za picha kali zimejaa na kila mtu ana orodha yake. Leo nataka tukae na zile zisizoandikiwa na mtu: picha za kupigana zilizotengenezwa kwa hela ya kuungaunga, hadithi haishikiki, sauti haifuati mdomo, ndevu za mzee wa mlimani zinabanduka katikati ya pambano, na bado ukishaanza kuitazama huinuki mpaka bosi wa maadui adondoke.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubishana aanze kujipanga. Picha hizi ni tamu kwa sababu unamwona mtu akifanya kazi. Kwenye picha yenye hela kazi imefichwa: huoni kamba, huoni rangi, hujui ni nani aliyeruka badala ya steringi. Kwenye hizi kila kitu kiko nje. Unaona pale hela ilipoisha, kisha unaona mtu alivyosonga mbele ikiwa imeisha. Hapo pa kusonga mbele ndipo utamu wote ulipo, na nitawaonyesha kwa picha moja moja.

Tuanze na simu.

Kuna picha inaitwa Ninja Terminator, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Godfrey Ho wa Hong Kong chini ya kampuni ya IFD ya Joseph Lai. Hadithi yake ni sanamu ya dhahabu ya ninja iliyogawanywa vipande vitatu. Anayevipata vyote upanga haumwingii. Ninja mkuu ni Richard Harrison, Mmarekani aliyekuwa steringi wa picha za Kitaliano miaka ya 1960. Sasa mwangalie Harrison anavyopiga simu. Simu yenyewe ina umbo la Garfield, yule paka mnene wa katuni. Ameishika kwa uso mkavu kabisa, anatoa maagizo ya kufa na kupona, na upande wa pili anapokea kijana anaitwa Jaguar Wong.

Rudisha nyuma, tazama tena. Harrison na Jaguar Wong hawakai fremu moja hata siku moja. Hawapeani mikono, hawapiti mlango mmoja. Hata rangi ya picha ni tofauti: kwa Harrison mwanga ni mkali, kwa Jaguar kumefifia kidogo. Sababu ni kwamba Jaguar Wong yuko kwenye picha nyingine kabisa! Ilitengenezwa Korea Kusini mwaka mmoja kabla, na aliyeicheza hakuwa na habari ya ninja wala ya sanamu. IFD walikuwa wananunua haki za picha za bei rahisi kutoka Korea, Thailand, Ufilipino na Taiwan, wanakata, halafu wanapiga vipande vyao vipya vya Wazungu waliovaa nguo za ninja kwenye bustani na vichaka vya Hong Kong. Mwisho wanaingiza sauti ya Kiingereza juu ya yote na kuandika hadithi mpya. Simu ndiyo inayounganisha picha mbili zisizojuana.

Ukishalijua hilo, kila picha ya Godfrey Ho inageuka kuwa mchezo wa kutafuta mshono. Simu ni mshono. Darubini ni mshono: ninja kajificha kwenye majani anatazama, fremu inayofuata tunaonyeshwa watu walioko nchi nyingine. Hata zile nguo za ninja zenye rangi za kung'aa zina kazi yake, maana uso ukishafunikwa unaweza kumweka ndani yake mtu yeyote. Mzungu anaongea akiwa wazi, anajifunika, anaruka, na aliyeruka ni kijana wa Hong Kong anayejua sarakasi. Kichwani wanajifunga kitambaa kilichoandikwa NINJA, ili asije mtu akachanganya.

Kwa nini ninja? Mwaka 1981 kampuni ya Cannon ya Marekani, iliyokuwa ya Waisraeli wawili Menahem Golan na Yoram Globus, ilitoa Enter the Ninja iliyopigwa Ufilipino. Soko likashika moto. Mwaka 1985 wakaja na American Ninja ya Michael Dudikoff, ile ambayo huku kwetu kila mtaa ulikuwa na kijana aliyejikatia shati jeusi la mamake akatoboa macho. Hong Kong walikuwa na wapiganaji, walikuwa na kamera, walichokosa ni ninja na Mzungu. Wakavitafuta vyote viwili.

Harrison mwenyewe alisaini picha chache, baadaye akajikuta yumo kwenye nyingi, vipande vyake vimekatwakatwa na kugawanywa. Alilalamika kwamba jambo hilo lilimharibia jina, na ana haki. Upande wa biashara sitautetea.

Lakini usiondoke kwenye Ninja Terminator kabla hujamwona adui mkuu wa ile nusu ya Kikorea. Amevaa wigi la nywele za dhahabu lisilomkaa. Watu humwangalia kichwani. Mwangalie miguuni. Yule ni Hwang Jang-lee, ndiye aliyekuwa adui wa Jackie Chan kwenye Drunken Master ya mwaka 1978, na ana teke lake ambalo wachache duniani wameliweza: anaruka, anapiga mara tatu hewani, ndipo anatua. Hakuna kamba wala kompyuta. Mtu mwenye kipaji cha namna hiyo amevalishwa wigi la aibu kwenye picha iliyokatwa na kushonwa upya, na bado mguu wake unapanda vilevile kama angekuwa anatazamwa na dunia nzima.

Nakuja na sehemu inayofuata, ngoja nijibu kwanza.

*

Mdau hapo juu ameandika: "Mkuu, hizi ni takataka tu, unazipamba. Picha za sasa mapigano yake ni ya kweli zaidi."

Kaka, fanya jaribio hili. Chukua picha yoyote mpya ya mapigano, uhesabu ni mara ngapi picha inakatwa kabla ngumi haijafika. Utaona bega, utaona uso, utaona mtu yuko chini. Ngumi yenyewe huioni. Halafu chukua picha ya Taiwan ya mwaka 1977 isiyo na jina. Kamera iko mbali, imekaa, watu wawili wanaonekana kuanzia utosini mpaka kwenye viatu vya kitambaa, na wanapigana hatua kumi na tano, ishirini bila kukatwa. Wengi wao walilelewa kwenye shule za opera ya Kichina, wakifundishwa sarakasi na upanga toka utotoni, kama Jackie Chan na Sammo Hung walivyolelewa na mwalimu Yu Jim-yuen. Hela ya seti haikuwepo, hela ya taa haikuwepo, ila miili ile ilikuwepo. Kamera iliwekwa mbali kwa sababu kitu cha thamani pekee walichokuwa nacho kilikuwa kinaonekana vizuri zaidi kutoka mbali.

Kuna ujanja pia, na si siri. Kamera ilipunguzwa mwendo wakati wa kupiga, fremu 20 au 22 kwa sekunde badala ya 24, ili ikichezeshwa kawaida mikono iende kasi. Ndiyo maana ukitazama mikono ya nguo unaona inapepea kwa mshtuko usio wa kawaida. Mimi naupenda hata mshtuko huo.

Na sauti. Hong Kong ya wakati ule ilipiga picha bila kurekodi sauti, maana kwenye seti moja huyu anaongea Kikantoni, yule Kimandarini, na ndege zinapita juu. Sauti zote ziliingizwa baadaye studio, pamoja na ule mlio wa kila ngumi, "fyuu, paa!", hata kama ngumi imepita pembeni. Kwa masoko ya nje, kikundi kidogo cha wageni waishio Hong Kong kiliingiza Kiingereza kwenye mamia ya picha. Kwa hiyo sikio likizoea, utamsikia mzee wa mlimani wa picha hii ndiye muuza mchele wa picha ile na ndiye mfalme wa picha ya tatu. Ilibidi maneno yajaze muda ambao mdomo uko wazi, ndiyo sababu mtu anaongea, anasita, anamalizia kwa neno lisilo na kazi, kisha anacheka "ha ha ha" mpaka mdomo ufungwe. Ni kazi ngumu, ilifanywa haraka, na mpaka leo kuna watu wazima wanaozikumbuka sauti zile bila kujua ni za nani.

*

Tuingie kwa Bruce Lee wa bandia.

Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, wiki chache kabla Enter the Dragon haijatoka Marekani. Dunia nzima ilimtaka, kuanzia New York mpaka majumba ya sinema ya Dar es Salaam, na hayupo. Wazalishaji wakaanza kutafuta anayefanana naye. Akatoka Bruce Li wa Taiwan, ambaye jina lake ni Ho Chung-tao. Akatoka Bruce Le, mzaliwa wa Burma. Akatoka Dragon Lee wa Korea, aliyekuwa na misuli ya ajabu na anayeiga mpaka ile ya kupangusa pua kwa kidole gumba. Hawa walikuwa wanamichezo wa kweli. Bruce Li alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na ukimtazama kwenye picha alizoachiwa apigane kwa mtindo wake mwenyewe, ni mpiganaji safi. Namwonea huruma kwa jinsi alivyobebeshwa jina la marehemu miaka yote ile.

Hata picha yake Bruce Lee mwenyewe haikupona. Game of Death aliiacha haijakamilika. Mwaka 1978 ikamaliziwa na Robert Clouse kwa kutumia watu wengine wenye miwani mikubwa ya giza, na kati ya yote, Bruce Lee halisi wa pale mwishoni ni kama dakika 11 tu. Kuna mahali steringi amekaa mbele ya kioo, na usoni kwenye kioo wamebandika picha ya karatasi ya Bruce Lee. Simamisha hapo uione mwenyewe: kichwa hakisogei, mwili unasogea. Wakatumia hata picha za msiba wake halisi. Hilo mimi linanikera mpaka kesho. Naliweka hapa kwa sababu si kila ubovu unanoga. Pale unapotokana na kutojali mtu, ladha inakata.

Sasa linganisha na The Dragon Lives Again ya mwaka 1977. Bruce Lee, akichezwa na Bruce Leung, anafika kuzimu. Huko anawakuta James Bond, Dracula, Zatoichi yule mpiga upanga kipofu wa Kijapani, na Popeye wa kula mchicha, ambaye anakuwa rafiki yake na anachezwa na Eric Tsang, mtu aliyekuja kuwa jina kubwa Hong Kong. Hakuna hata mmoja aliyeombewa ruhusa. Ni wazimu, lakini ni wazimu wa mtu anayempenda Bruce Lee kiasi kwamba kifo hakikumtosha kumalizia hadithi. Na huyo Bruce Leung, kwa wasiomjua, ndiye yule mzee mwenye kandambili kwenye Kung Fu Hustle ya mwaka 2004.

Mwaka 1980 wakafunga kazi kwa The Clones of Bruce Lee: mwanasayansi anachukua chembe za mwili wa marehemu, anatoa Bruce Lee watatu, mmoja ni Dragon Lee na mwingine ni Bruce Le. Waigaji waliokuwa wanashindana sokoni wakawekwa picha moja. Kuna na jeshi la watu wa shaba, yaani vijana waliopakwa rangi. Unaona brashi ilipopita.

*

Dada mmoja ameuliza: "Wanawake wako wapi kwenye uzi huu?"

Swali zuri, na jibu ni Pearl Chang Ling wa Taiwan. Mwaka 1982 alitoa Wolf Devil Woman, akiongoza mwenyewe na kucheza mwenyewe. Ni binti aliyelelewa na mbwa mwitu kwenye theluji, na wazazi wake walikufa wakimkinga. Kichwani amevaa ngozi ya mbwa mwitu, na ukisogea karibu unagundua ni mdoli wenye manyoya wa kuchezea watoto. Yeye anacheza kana kwamba mdoli ule ni mnyama aliyemuua kwa meno. Analia, anang'ata, anapaa juu ya miti. Mwanamke kukaa nyuma ya kamera ya picha za upanga enzi zile ilikuwa nadra sana, na huyu alijipa nafasi ambayo hakuna aliyekuwa anampa. Kati ya wote niliowataja mpaka sasa, yeye ndiye ninayetamani angepewa hela.

Na kwa kuwa tuko Taiwan: Crippled Masters ya mwaka 1979. Wapiganaji wawili wenye ulemavu wa kweli, mmoja hana mikono, mwingine miguu imepooza. Mwishoni asiye na mikono anambeba asiye na miguu mgongoni wanapigana kama mtu mmoja. Bango la picha linawauza kama maajabu ya sokoni. Pambano lenyewe limepangwa kwa akili na heshima kuliko bango.

*

Sasa nifike kwa kipenzi changu. Mwaka 1987, Orlando, Florida. Y.K. Kim ni mwalimu wa taekwondo aliyehamia Marekani kutoka Korea, ana shule yake na wanafunzi wanaomheshimu. Mwongozaji wa Kikorea, Park Woo-sang, alimwona akihojiwa kwenye televisheni akamwambia watengeneze picha. Kim hakuwahi kuigiza. Kiingereza chake kilikuwa kinamgomea. Akakubali, akawachukua wanafunzi wake, wakatengeneza Miami Connection.

Hadithi: vijana watano yatima wanasoma chuo, wanaishi nyumba moja, wana bendi ya roki inaitwa Dragon Sound, na wote wanajua taekwondo. Wanapambana na ninja wa pikipiki wanaouza kokeini. Nyimbo za bendi zinahusu urafiki na kupambana na ninja, na ni nyimbo nzuri, utaondoka unaziimba. Ila nataka muangalie kipande kimoja. Jim, mmoja wa wale vijana, anachezwa na Maurice Smith, anawaeleza wenzake kwamba amekuwa akimtafuta baba yake. Anaanza kulia. Uigizaji umezidi, kamasi zinatoka, sauti inapasuka. Baadaye barua ya baba inafika kweli, anaisoma, anapiga kelele za furaha na wenzake wanamrukia. Kwa kipimo cha darasani kipande kile kimeshindwa. Lakini nimewahi kukitazama na watu waliokuwa wanacheka tangu mwanzo, na barua ilipofika kila mmoja alinyamaza akimtakia Jim ampate baba yake. Picha nyingi za hela nyingi zimetafuta ukimya ule zikaukosa.

Kim alitumia karibu dola milioni 1, wasambazaji wakamkataa, ikaonyeshwa kumbi chache za Florida ikafa. Alikaribia kufilisika. Mwaka 2009 mpangaji wa vipindi wa majumba ya sinema ya Alamo Drafthouse, Zack Carlson, alinunua mkanda wake wa filamu kwenye mtandao wa eBay kwa dola 50 bila hata kuiona. Akawaonyesha watu, ukumbi ukalipuka. Walipompigia Kim kumwambia wanataka kuitoa upya, alidhani anataniwa akakata simu. Mwaka 2012 ikatoka tena kwenye sinema, na mzee alisimama mbele ya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipoitengeneza, wakimshangilia kwa miguu yote miwili. Miaka 25 baada ya kuambiwa kazi yake ni bure.

Samurai Cop ya mwaka 1991 naipitia haraka. Mwongozaji Amir Shervan alikuwa ametengeneza picha Iran kabla ya mapinduzi ya 1979, akaanza upya Los Angeles bila taa, hivyo karibu yote imepigwa mchana. Steringi, Matt Hannon, alikata nywele akidhani kazi imeisha. Miezi baadaye akaitwa kurudia vipande, na suluhisho likawa wigi la kike. Kazi yako ni kuhesabu fremu zenye nywele na zenye wigi, wakati mwingine ndani ya mazungumzo yaleyale. Watu walidhani Hannon alishafariki, akajitokeza, na mwaka 2015 wakatoa sehemu ya pili.

*

Mkuu mwingine kaandika: "Vipi Afrika? Umemaliza dunia nzima hujafika Kampala."

Nilikuwa naiweka kiporo, maana hapa ndipo msimamo wangu unasimama kwa miguu yake.

Nabwana I.G.G. alikuwa mfyatua matofali wa Wakaliga, mtaa wa maskini Kampala. Utotoni hakuingia sinema. Kaka yake ndiye aliyekuwa anaenda kuangalia picha za Chuck Norris na Bud Spencer kisha anamsimulia. Kwa hiyo picha za kwanza za huyu bwana alizitengeneza kichwani, kwa masimulizi. Alipokua akajifunza kompyuta, akaziunda mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika, akaanzisha Ramon Film Productions nyumbani kwake, dunia ikapaita Wakaliwood. Mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, inayosemwa kuwa haikufika dola 200.

Bunduki za mashine alizitengeneza Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Damu ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe, mwigizaji mmoja akaugua, wakahamia maji yenye rangi ya chakula yaliyofungwa kwenye kondomu. Risasi, milipuko na helikopta inayobomoa majengo ya Kampala vyote vilitoka kwenye kompyuta yake. Kapteni Alex anatumwa kupambana na Tiger Mafia, anauawa, kaka yake aliyekomaa kwa kung fu ya Shaolin anakuja kulipiza. Huyo ni Bruce U, na nje ya picha ndiye anayewafundisha kung fu watoto wa Wakaliga. Watazame wale watoto wanavyoviringika kwenye udongo mwekundu. Na swali lililoko kwenye jina la picha halijibiwi mpaka mwisho. Nani kamuua Kapteni Alex? Hatuambiwi!

Nakala ya asili haipo tena. Diski ilijaa, na Nabwana alihitaji nafasi ya kutengeneza picha nyingine, akaifuta. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, na nadhani bahati ilikuwa upande wetu. Emmie anaongea juu ya picha tangu mwanzo: anamtambulisha steringi, anawacheka maadui, anatangaza kwamba kila mtu Uganda anajua kung fu, anakuahidi kinachokuja. Mzungu aliyeiona mara ya kwanza alidhani ni uvumbuzi mpya. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua hiyo ndiyo namna picha inavyotazamwa. Benchi la mbao, televisheni ya chogo, deki imefunikwa kitambaa, na sauti ya Lufufu, mtafsiri wetu wa picha, inayowasemea wote, steringi, mama yake na bosi wa maadui, na katikati anakwambia "huyu jamaa hajui alichokianzisha". Wakenya wana DJ Afro kwa kazi hiyohiyo. Uganda kila banda lilikuwa na VJ wake.

Na hii ndiyo hoja yangu kwa anayezitazama peke yake kwenye simu halafu anaandika "imenishinda": zile hazikutengenezwa zitazamwe kimya. Pale hela ilipoisha, anayetafsiri ndiye aliyejaza. Kama adui ametoweka kwa sababu mwigizaji hakurudi siku ya pili, Lufufu angekupa sababu. Kama mshono wa Godfrey Ho unaonekana, benchi zima lingepiga kelele na mchezo ungeendelea. Mtazamaji alikuwa anamalizia kazi ambayo mtengenezaji hakuweza kuimaliza.

Ndiyo maana Mmarekani Alan Hofmanis alipoona kionjo cha Kapteni Alex alipanda ndege, akaenda Wakaliga, akahamia huko na kuwa Mzungu anayepigwa kwenye picha zao, ikiwemo Bad Black ya mwaka 2016. Mwaka 2019 Crazy World ikaonyeshwa tamasha la filamu la Toronto, kwenye kipindi cha usiku wa manane. Picha ambazo waigizaji wenyewe walikuwa wakizunguka kuziuza mlango kwa mlango, wakiwahi kabla wanakili haramu hawajazifikia.

*

Swali la mwisho kwa leo: "Mbona siku hizi kuna picha zinatengenezwa mbovu kwa makusudi, nazo zinahesabika?"

Kwangu hapana. Mtu mwenye hela anayebandika ndevu vibaya kwa makusudi anakukonyeza, na ukishakonyezwa huna cha kumtakia. Pearl Chang hakukonyeza. Kim hakukonyeza. Nabwana anapenda watu wacheke, ni kweli, lakini mlipuko wake ameutengeneza kwa ubora wote aliokuwa nao siku ile, na wa picha iliyofuata ulikuwa bora zaidi.

Kwa anayetaka kuanza: Miami Connection kwanza, mkiwa watatu au zaidi. Kesho yake Kapteni Alex, wenyewe Wakaliwood waliiweka YouTube bure. Ninja Terminator iwe ya tatu, ukishajua habari ya simu. Bruce Lee wa kuzimu mwacheni mpaka mmezoea. Na mwenye mkanda au faili la picha yoyote ya mateke iliyotafsiriwa na Lufufu, hata iwe imekwaruzika vipi, aseme hapa chini ni picha gani na steringi ni nani. Natafuta hasa zile za ninja.